Santuri za spika nne: Jinsi ya kuziokoa nyumbani kabla sindano haijazimaliza

Kuna santuri za miaka ya 1970 ambazo kwa macho ni kama nyingine yoyote: plastiki nyeusi, tundu katikati, lebo ya duara. Ukiiweka kwenye pleya ya kawaida inapiga muziki wa stereo na hutashtuka chochote.

Lakini ndani ya mfereji wake mna sauti mbili zaidi ambazo pleya yako haizisikii. Santuri hizo zilirekodiwa kwa ajili ya spika nne: mbili mbele ya msikilizaji na mbili nyuma yake. Mfumo huo uliitwa kwodrafoni.

Shida ni kwamba sauti hizo za nyuma ndizo dhaifu zaidi. Kwenye aina moja ya santuri hizi, kupigwa mara chache tu kwa sindano mbovu kunatosha kuzikwangua zisirudi tena. Ndiyo maana watu wenye santuri za aina hii wanazihamishia kwenye kompyuta wakiwa nyumbani, na ndiyo maana wengi wanaofanya haraka bila kuelewa wanaishia kuokoa nusu ya muziki na kuipoteza nusu nyingine.

Hivi ndivyo mambo yanavyofanya kazi.

Kwodrafoni ilikuwa nini hasa?

Stereo ina chaneli mbili, kushoto na kulia. Mfereji wa santuri una kuta mbili, kwa hiyo kila ukuta unabeba chaneli yake. Hapo hesabu inakaa sawa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni za muziki zilitaka chaneli nne. Kuta zilibaki mbili. Basi kila kampuni ikaja na ujanja wake wa kuingiza vinne ndani ya viwili.

CBS ya Marekani ilileta mfumo wa SQ. Sansui ya Japani ikaleta QS. JVC, pia ya Japani, ikaleta CD-4, ambao RCA ya Marekani iliuchukua na kuuza santuri zake kwa jina la Quadradisc. Kulikuwa na mingine midogo pia.

Wasanii wakubwa waliingia. Albamu ya Pink Floyd, The Dark Side of the Moon, ilitolewa mwaka 1973 na ikapata toleo la chaneli nne lililochanganywa na Alan Parsons. Bitches Brew ya Miles Davis na Head Hunters ya Herbie Hancock zilitoka kwa SQ. The Best of The Doors ya mwaka 1973 ilitoka kwa CD-4.

Mifumo hii haikuelewana. Kifaa cha SQ hakikusoma CD-4 ipasavyo, na cha CD-4 hakikujua la kufanya na QS. Mnunuzi alitakiwa kununua spika nne, ampu kubwa zaidi na king'amuzi, halafu akisie ni mfumo upi utashinda. Wengi waliamua kubaki na stereo zao, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 biashara hiyo ilikuwa imekwisha.

Kwa nini haraka?

Mtu anaweza kuuliza: si kampuni za muziki zina kanda za asili? Zitoe upya basi.

Baadhi zimefanya hivyo. Dutton Vocalion ya Uingereza na Rhino ya Marekani zimerudisha sokoni michanganyiko kadhaa ya chaneli nne, na ule wa The Dark Side of the Moon uliwekwa kwenye toleo maalumu la mwaka 2011. Lakini si kila albamu ina bahati hiyo. Albamu ambayo haikuuza sana miaka ya 1970 haina mtu wa kuihangaikia leo.

Na kanda za asili nazo si za milele. Juni 1, 2008, moto uliwaka katika Universal Studios, Hollywood, ukaunguza jengo lililokuwa na ghala la kanda za muziki. Ukubwa wa hasara haukujulikana na umma mpaka gazeti la New York Times lilipoandika kwa kirefu mwaka 2019, na kiasi kamili bado kinabishaniwa.

Kwa albamu ambazo kanda zake zimepotea au zimesahaulika, mchanganyiko wa chaneli nne umebaki kwenye santuri zilizo majumbani mwa watu. Ikikwanguliwa ya mwisho, basi.

Kwanza jua uliyonayo

Kabla ya kugusa sindano, soma lebo na jaketi. Tafuta herufi SQ, QS, CD-4 au neno Quadradisc. Jibu hilo ndilo litakaloamua kila kitu kinachofuata, kwa sababu santuri hizi zimegawanyika katika makundi mawili yasiyofanana hata kidogo.

Kundi la kwanza: SQ na QS

Hizi huitwa santuri za matriksi. Chaneli nne huchanganywa kihesabu mpaka zinakuwa mbili, halafu king'amuzi kinajaribu kuzirudisha kuwa nne.

Siri iko kwenye fezi, yaani mpangilio wa wakati kati ya mawimbi mawili. Fikiria watu wawili wanaosukuma bembea. Wakisukuma pamoja, bembea inakwenda juu. Mmoja akisukuma huku mwingine anavuta, bembea inasimama. Nguvu ni zile zile, kilichobadilika ni mpangilio.

Katika SQ, sauti za mbele huandikwa kwenye kuta za mfereji kama stereo ya kawaida. Za nyuma huandikwa kwenye kuta zote mbili kwa wakati mmoja, lakini fezi ya ukuta mmoja ikiwa imesogezwa robo ya mzunguko ukilinganisha na mwingine. King'amuzi kinalinganisha kuta hizo. Kikikuta msogeo huo, kinajua sauti hii ni ya nyuma.

Habari njema ni kwamba taarifa zote ziko ndani ya masafa ambayo sikio linasikia. Kwa hiyo rekodi nzuri ya stereo inabeba kila kitu. Unaweza kurekodi leo na kung'amua baada ya miaka kumi.

Habari mbaya ni kwamba mchanganyiko wa matriksi hautenganishwi kikamilifu. King'amuzi cha kawaida cha SQ kinaacha sauti ya nyuma ivuje kwenye spika za mbele, pungufu kwa desibeli 3 tu. Ving'amuzi bora, kama QSD-1 ya Sansui kwa upande wa QS au Tate II ya Fosgate kwa upande wa SQ, vilitumia saketi zinazofuatilia sauti kubwa iko wapi kwa wakati huo na kupunguza uvujaji. Leo programu ya kompyuta inaweza kufanya hesabu hizo kwa umakini kuliko saketi nyingi za wakati ule.

Kundi la pili: CD-4

Hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu.

CD-4 haichanganyi fezi. Kila ukuta wa mfereji unabeba vitu viwili. Cha kwanza ni jumla ya sauti ya mbele na ya nyuma ya upande huo, kwenye masafa ya kawaida. Cha pili ni tofauti kati ya mbele na nyuma, iliyopandishwa kwenye wimbi la kubebea la kHz 30, karibu kama kituo cha redio ya FM kinavyobeba matangazo.

Hesabu yake ni ya darasa la sita. Tuseme jumla ni 10 na tofauti ni 4. Jumlisha upate 14, gawa kwa mbili: mbele ni 7. Toa upate 6, gawa kwa mbili: nyuma ni 3. Ukiwa na namba zote mbili unapata jibu kamili. Ukipoteza ile ya pili, unabaki na 10 na huwezi kujua nani alichangia ngapi.

Ndiyo maana pleya ya kawaida inapiga CD-4 bila tatizo. Inasoma jumla, inapiga stereo, na kila ala inasikika. Isipokuwa hakuna anayejua ipi ilikuwa mbele na ipi nyuma.

Sikio la binadamu linaishia karibu kHz 20. Wimbi hilo la kubebea, pamoja na sauti lililoibeba, linafika mpaka karibu kHz 45. Husikii kitu, lakini lipo, limechongwa kwenye plastiki kama vijikunjo vidogo mno.

Vidogo kiasi gani? Karibu na lebo, mfereji hupita chini ya sindano kwa kasi ya takriban sentimita 21 kwa sekunde. Gawa kwa mawimbi 30,000 kwa sekunde, kila wimbi linakuwa na urefu wa mikromita 7 hivi. Hiyo ni karibu sawa na upana wa chembe nyekundu moja ya damu.

Ncha ya sindano ya kawaida ya duara ina nusu kipenyo cha mikromita 15 hadi 18. Haiwezi kuingia kwenye vijikunjo hivyo. Inapita juu yake kama tairi la lori juu ya matuta ya mchanga: hailisomi wimbi, inalisawazisha.

Kwa sababu hiyo, mhandisi wa JVC, Norio Shibata, alibuni ncha nyembamba inayogusa mfereji kwa mstari mrefu badala ya nukta. Ncha ya Shibata bado inatengenezwa, na kampuni kama Audio-Technica na Ortofon zinaitumia kwenye baadhi ya bidhaa zao. Ila ncha peke yake haitoshi. Kichwa kizima cha sindano lazima kiwe na uwezo wa kupitisha masafa mpaka hayo ya kHz 45.

Usipige kabla hujasafisha

Vumbi likisuguliwa na sindano linakuwa msasa. Kwa hiyo usafi huja kabla ya kupiga, hata mara moja ya kujaribu.

Unachohitaji ni maji yasiyo na madini, tone la sabuni laini ya vyombo na kitambaa cha maikrofaiba. Maji ya bomba na maji mengi ya kunywa ya chupa yana madini yanayobaki kwenye mfereji yakikauka. Maji safi yaliyokenekwa yanapatikana kwa wanaouza vifaa vya maabara, na hata kwa wanaouza maji ya kuongezea kwenye betri za magari. Hapo kuwa makini: hakikisha ni maji matupu na siyo yale makali yenye asidi.

Futa kufuata mzunguko wa mfereji, usikate katikati. Lebo isilowe. Suuza kwa maji yale yale safi bila sabuni, halafu acha santuri isimame mpaka ikauke. Usiianike juani, itapinda.

Mnyororo wa kurekodi

Sauti inatoka kwenye sindano, inapita waya, inaingia kwenye priampu, inakwenda kwenye kadi ya sauti, inafika kwenye kompyuta. Kila hatua inaweza kuharibu.

*Uzito wa sindano.* Wengi hudhani sindano nyepesi inalinda santuri. Ikiwa nyepesi kupita kiasi inarukaruka na kuzigonga kuta. Fuata kipimo cha kiwandani, ambacho kwa vichwa vingi vya leo kiko kati ya gramu 1.5 na 2.5.

*Waya.* Kwa CD-4 waya mrefu ni adui. Kila waya wa sauti una kapasitansi, na ikizidi inakata masafa ya juu kabla hayajafika popote. Mfumo huu unataka jumla isiyozidi pikofaradi 100, kwa hiyo tumia waya mfupi na mzuri.

*Priampu.* Santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba ikiwa imeongezwa. Priampu inarudisha mizani hiyo kwa kufuata kanuni ya RIAA. Kwa SQ na QS, priampu yoyote nzuri inafaa. Kwa CD-4, isiwe na kichujio kinachokata masafa yaliyo juu ya usikivu.

*Kadi ya sauti.* Hapa ndipo wengi wanapopotea. Rekodi ya dijitali inaweza kushika masafa mpaka nusu ya kiwango chake cha sampuli. CD ya kawaida huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo inaishia kHz 22.05. Ukirekodi CD-4 kwa kiwango hicho, wimbi la kHz 30 halipo kwenye faili. Sauti itakuwa nzuri tu, utaridhika, na chaneli za nyuma zitakuwa zimebaki kwenye plastiki.

Pleya nyingi za bei nafuu zenye USB zinaishia 44.1 au 48. Kwa CD-4 unahitaji angalau 96, ambayo inashika mpaka kHz 48, na 192 inakupa nafasi ya kupumua. Kwa SQ na QS, 48 inatosha kabisa lakini 96 haina ubaya.

Tumia biti 24, na acha kilele cha sauti kifike karibu desibeli 6 chini ya mwisho. Santuri ina mipasuko ya ghafla, na ikigonga dari inakatwa.

Jaribio la dakika moja

Umejuaje kama wimbi la CD-4 limeingia? Fungua rekodi kwenye Audacity, programu ya bure, kisha badilisha mwonekano uwe spektrogramu na upandishe kipimo cha masafa mpaka mwisho.

Wimbi likiwepo utaona mstari kwenye kHz 30 kwa chaneli zote mbili, hata sehemu ambazo muziki umenyamaza. Mstari ukikatikakatika au kufifia kadiri unavyokaribia mwisho wa upande, sindano haiusomi vizuri au mfereji umeshachakaa. Usipouona kabisa, simamisha kazi. Kupiga tena na tena kwa sindano ile ile hakutausaidia.

Kwa SQ na QS kuna jaribio lingine, na hapa santuri ya zamani ya mono inasaidia. Kwa kuwa mono huandika sauti ile ile pande zote, rekodi kipande chake, geuza chaneli moja juu chini ndani ya programu, kisha zichanganye. Zikiwa sawa zitafutana na utabaki na mikwaruzo tu. Muziki ukisikika bado, kurekebisha usawa wa kushoto na kulia ni lazima, kwa sababu king'amuzi cha matriksi kinategemea usawa huo kujua kipi ni cha nyuma.

Kung'amua

Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kifaa. Kwa CD-4 kuna mashine za zamani kama JVC 4DD-5, ambazo hutoa chaneli nne tayari. Utahitaji kadi ya sauti yenye matundu manne ya kuingizia, lakini faida yake ni kwamba wimbi la kubebea limeshafanya kazi yake, kwa hiyo 48 au 96 inatosha. Hasara ni kwamba vifaa hivyo vina umri wa miaka 50, na kapasita zake nyingi zimechoka. Kwa SQ na QS kuna pia kifaa cha kisasa, Surround Master ya kampuni ya Involve Audio ya Australia.

Ya pili ni programu. Unarekodi stereo, kompyuta inafanya hesabu. Kwa CD-4, programu inasoma faili la 96 au 192, inalishika wimbi la kHz 30, inatoa tofauti iliyobebwa, kisha inajumlisha na kutoa kama kwenye ule mfano wa namba.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba unaweza kurudia. King'amuzi bora kikitokea mwakani, unakilisha faili lile lile bila kugusa santuri tena.

Kusafisha sauti bila kuiua

Kelele za santuri si za aina moja. Kuna mipasuko ya mikwaruzo, kuna mchakato mdogomdogo wa vumbi, kuna mngurumo wa mota, na kuna mvumo wa umeme ambao kwa nchi zetu uko kwenye Hz 50 na vizidishio vyake kama 100 na 150.

Mngurumo ulio chini ya Hz 20 unakatwa bila hasara. Mvumo wa umeme ni bora kuumaliza kwenye chanzo chake, yaani waya wa ethi wa pleya, kuliko kuukata baadaye pamoja na besi.

Kwa mipasuko, programu kama ClickRepair, iZotope RX na hata Audacity yenyewe hutafuta kilele cha ghafla na kukijaza kwa kukisia wimbi lilivyotakiwa kuwa. Swali ni lini.

Kwa SQ na QS, ondoa mipasuko kabla ya kung'amua. Mpasuko mkubwa unaweza kumdanganya king'amuzi mwenye saketi za kufuatilia, akarusha muziki mzima upande usio wake kwa muda mfupi.

Kwa CD-4 fanya kinyume: ng'amua kwanza. Programu ya kusafisha haijui kwamba mstari ule wa kHz 30 una kazi. Inaweza kuuona kama kelele na kuukwaruza, na ukienda mstari sauti ya nyuma inageuka kuwa mkwaruzo mkali. Wapenzi wa kwodrafoni huufananisha na sauti ya msasa.

Kuhusu vichujio vya kuondoa mafusho ya sauti kwa jumla, vitumie kwa mkono mwepesi. Vikizidishwa, matoazi yanalia kama yako chini ya maji na mwangwi wa chumba unapotea. Mkwaruzo kidogo unavumilika kuliko muziki uliokufa.

Usihifadhi kwa MP3

MP3 hupunguza ukubwa kwa kutupa kile ambacho sikio halitakikosa kwenye stereo. Lakini SQ na QS zinaishi kwenye tofauti ndogo za fezi kati ya kushoto na kulia, na hizo zinaweza kuvurugwa wakati wa kubana. CD-4 ndiyo kabisa, kwa kuwa MP3 haifiki kHz 30.

Tumia FLAC. Inabana bila kutupa chochote, na inakubali mpaka chaneli nane. Kwa nne, mpangilio ni mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia. Ikiwa redio yako ya sinema ya nyumbani inakataa faili la chaneli nne, tengeneza la 5.1 na uache chaneli ya katikati na ya besi zikiwa kimya.

Jiandae kwa nafasi. Stereo ya biti 24 kwa 96 inakula takriban MB 35 kwa dakika kabla ya kubanwa. Albamu ya dakika 40 ni karibu GB 1.4, na kwa 192 inakuwa GB 2.8. Faili la kawaida la WAV nalo lina ukomo wa GB 4, kwa hiyo rekodi kila upande peke yake.

Kisha weka nakala mbili sehemu mbili tofauti. Na faili ghafi, lile ambalo halijasafishwa wala kung'amuliwa, usilifute hata kama lina kelele. Hilo ndilo santuri yenyewe. Mengine yote unaweza kuyatengeneza upya kutoka kwalo.

Kumbuka pia kwamba kurekodi santuri yako hakukupi haki ya kuigawa. Sheria za hakimiliki zinatofautiana kwa kila nchi, lakini kusambaza muziki wa mtu bila ruhusa ni kosa karibu kila mahali.

Na santuri za nyumbani kwetu?

Masanduku mengi ya santuri kwenye nyumba za Afrika Mashariki hayana kwodrafoni. Mna 45 za dansi na taarabu, nyingi za mono au stereo. Mnyororo ni ule ule, ila rahisi zaidi.

Kwa 45 ya mono, rekodi stereo hata hivyo. Kuta zote mbili zina wimbo ule ule, kwa hiyo ukuta mmoja ukiwa umekwaruzwa unaweza kuchukua mwingine.

Kwa zile nzito za kasi ya 78, usitumie sindano ya kawaida kwani mfereji wake ni mpana zaidi, na usizisafishe kwa spiriti. Nyingi ni za shelaki, na spiriti inaiyeyusha. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, nyimbo zake zilitoka kwenye santuri za namna hiyo.

Wazo lililokufa likafufuka

Kwodrafoni ilishindwa sokoni, lakini hesabu zake hazikuzikwa. Dolby Stereo, iliyosambaa kwenye majumba ya sinema na filamu ya Star Wars mwaka 1977, ilitumia matriksi kuficha chaneli nne ndani ya mbili. Mwaka 1982 Dolby Surround iliingiza ujanja huo sebuleni kupitia kanda za video, na Pro Logic ikafuata mwaka 1987.

Hivyo redio nyingi za sinema za nyumbani, hata zile za mitumba, zinaweza kukupa spika nne au tano leo. Spika siyo tatizo tena. Kilicho haba sasa ni santuri ambazo bado zina kitu cha kupeleka kwenye zile za nyuma.

Kama unayo moja yenye alama ya CD-4, ushauri wa bure ni huu: usiipige leo. Isafishe, irudishe kwenye jaketi, na isubiri mpaka upate sindano yake.